Mlango wa kushoto

Juma hili sitaongea juu ya kaye wala mitihani. Tuongee juu ya mlango wa taksibusi.

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa nne alishuka kwenye taksibusi karibu na shule. Gari lilikuwa halijasimama vizuri, mlango ukafunguliwa, mtoto akaruka chini. Pikipiki iliyokuwa inapita pembeni kwa mbio ikavuta mfuko wake. Mungu alisaidia: mkono ulichubuka tu, na kaye zikatawanyika barabarani. Alipofika darasani bado anatetemeka, aliniambia: «Mwalimu, niliangalia kushoto kama ulivyotufundisha. Lakini nilikuwa nimekwisha kushuka.»

Neno hilo lilinifuata mpaka nyumbani. Kila mwaka nawafundisha watoto: simama kando ya barabara, angalia kushoto, angalia kulia, angalia tena kushoto, ndipo uvuke. Somo ni zuri. Lakini linaanzia kando ya barabara, na mtoto yule hakuanzia kando. Mlango ulimtupa katikati.

Kwa nini? Sisi Kongo tunaendesha upande wa kulia, desturi tuliyoachiwa na Wabelgiji. Rwanda na Burundi ni vilevile. Zambia, Tanzania, Kenya na Uganda, waliotawaliwa na Waingereza, wanaendesha upande wa kushoto. Japani nao ni kushoto. Sasa angalia magari yetu ya Katanga: mengi yametumika kwanza Japani, yakapanda meli mpaka Dar es Salaam, yakavuka Zambia na kuingia kwetu kwa Kasumbalesa. Usukani wake uko kulia, na mlango wa abiria wa taksibusi uko kushoto. Dar es Salaam mlango huo unafunguka upande wa watu wanaotembea kwa miguu. Hapa Likasi unafunguka upande wa kamio na pikipiki. Gari halina kosa, lilitengenezwa kwa barabara ya watu wengine.

Wale wanaosafiri kwenda Lubumbashi wanajua jambo lingine. Shofere mwenye usukani wa kulia akifuata kamio, haoni mbele, maana ameketi upande wa majani. Ndipo anamuuliza abiria aliyeketi kushoto: «Njia iko?» Abiria, ambaye pengine hajawahi kuendesha hata kinga, anajibu: «Pita!» Maisha ya watu kumi na tano yako juu ya jicho la mtu mmoja ambaye hakusomea kazi hiyo.

Na mazoea hayavuki mpaka peke yake, yanavuka na mtu. Shofere wa kamio anayetoka Dar es Salaam amezoea kushoto siku zote za safari, Tanzania nzima na Zambia nzima. Akitoka Kasumbalesa, mara moja anapaswa kubadili upande. Pia mtoto wetu anayerudi kutoka likizo kwa shangazi yake Kitwe, huko amejifunza kuangalia kulia kwanza. Mama, mtoto akirudi kutoka ng'ambo ya mpaka, usimwache aende dukani peke yake siku ya kwanza. Tembea naye, mwonyeshe tena magari yanatoka wapi.

Sheria za mwendo nazo zinatofautiana. Tanzania na Kenya, ndani ya miji gari halipaswi kupita kilometa 50 kwa saa, na basi la abiria likiwa njia kubwa halipaswi kupita 80. Rwanda wamefunga ndani ya magari ya abiria chombo kinachozuia mwendo usipite 60, hata shofere akikanyaga namna gani. Zambia, mwaka 2016, basi la abiria lilikatazwa kusafiri kati ya saa tatu ya usiku na saa kumi na moja ya asubuhi. Kila nchi imetafuta dawa yake. Lakini dawa ya karatasi haiponyi mtu. Kule kwenye kamera au polisi mwenye kipimo cha mwendo, shofere anapunguza. Huku kwetu, mara nyingi anapunguza kwa sababu ya mashimo. Ndiyo sababu tukitengenezewa barabara tunafurahi asubuhi, na mangaribi tunaanza kuogopa.

Tulifanya hesabu pamoja na watoto. Kilometa 60 ni meta 60 000, na saa moja ni sekunde 3 600. Tukagawanya: gari la mwendo huo linakula karibu meta 17 kwa sekunde moja. Tulitoka uani na kuzipima kwa kamba: zilikuwa vyumba viwili vya darasa. Kisha tukapima kilometa 30 kwa saa: meta 8 na kidogo, chumba kimoja. Nikawaambia: sekunde moja ndiyo muda ambao shofere anakuona kabla mguu wake haujafika kwenye breki. Kwa 60, gari limekwisha kupita vyumba viwili hata halijaanza kupunguza. Watoto walinyamaza. Mmoja akasema: «Basi breki haiko kwenye mguu, iko kwenye mwendo.» Sikuongeza neno.

Kwa sababu hiyo mashirika ya afya ya dunia yanaomba kilometa 30 mahali ambapo watoto na magari wanatumia barabara moja. Na tusisahau kwamba mtoto wa miaka saba au nane hawezi bado kupima vizuri mwendo wa gari linalokuja. Anaona gari liko mbali, basi anaamini ana nafasi. Hilo si ukaidi, ni umri. Kumpiga hakutamwongezea macho.

Sasa tufanye nini? Kubadili magari yote hatuwezi. Lakini mlango tunauweza. Katika kikundi chetu cha Kikula tulikwenda kwenye parkingi kuongea na mashofere. Hatukwenda kugombana, maana wale ni watoto wetu na wadogo zetu. Tuliomba mambo matatu. Kwanza, gari lisimame kabisa, nje ya lami kama nafasi iko. Pili, msaidizi wa shofere ashuke mbele, asimame upande wa nyuma ya mlango, anyooshe mkono, ndipo mtoto ashuke. Tatu, mtoto apelekwe kando ya barabara kwanza, asivuke mpaka gari liondoke, kwa sababu mbele ya taksibusi iliyosimama haonekani.

Mashofere walitusikiliza. Mmoja wao, kijana, akatujibu: «Wamama, tunakimbia kwa sababu ya makuta ya patroni. Kila mangaribi anayataka yote, hata kama gari lilikaa bila watu.» Tukaangaliana. Wengine kati yetu ndio wapatroni. Tuna pikipiki mbili au taksibusi moja tuliyonunua kwa pesa za kikundi, na tunahesabu makuta bila kuuliza yamekimbiziwa namna gani. Mama mmoja alisema palepale kwamba asubuhi, saa za shule, hatamhesabia shofere wake idadi ya safari. Ni jambo dogo, lakini tangu siku ile gari lake linasimama.

Mwanafunzi wangu amerudi kwenye taksibusi. Mwanzo alikuwa anashika nguo ya msaidizi. Sasa anasubiri mlangoni, anaangalia nyuma ya gari, ndipo anashuka. Nami nimebadili somo langu. Siku hizi tunaanza ndani ya gari. Napanga viti darasani kama taksibusi, mtoto mmoja anakuwa shofere, mwingine msaidizi, wengine wanashuka mmoja mmoja kwa mlango wa kushoto. Anayeruka anarudi kuketi.

Kazi ya juma hili, wamama: panda na mtoto wako mara moja tu mpaka shuleni, uone anashukia upande gani. Kisha fanyeni zoezi la viti nyumbani. Na wewe uliye na gari au pikipiki barabarani, leo mangaribi, mbele ya kupokea makuta, muulize shofere wako: «Asubuhi ulisimama?»

Mbaki salama. Tutaonana juma lijalo.