UBAO SI DHAMBI, KAMARI NDIYO DHAMBI



Ujumbe wa leo utawaudhi wengine. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kuandika maoni.

Kuna mafundisho yanayozunguka katika makundi yetu ya WhatsApp kwamba aliyeokoka akikaa mezani na drafti, chesi au karata amemfungulia adui mlango. Akicheza peke yake ndiyo mbaya zaidi, eti anacheza na nani asiyeonekana? Vijana wanaambiwa wachome mbao zao. Wazee wangu na akina mama wa maombi, nawaheshimu sana, lakini kwa hili nawapinga, tena kwa Maandiko.

Fungua Luka 14:28-32. Yesu anamtaja mjenzi anayehesabu gharama ya mnara kabla ya kuanza msingi. Kisha anamtaja mfalme mwenye askari elfu kumi, anayepima kama atamweza mwenye elfu ishirini. Wote wawili wanaketi kwanza. Mchezo wa mikakati unakufundisha hilo hilo: keti, hesabu ulicho nacho, ona hatari ikiwa bado mbali, ndipo usogeze mkono. Ni wangapi kati yetu wamefungua biashara bila kuketi hivyo hata dakika kumi?

"Lakini pasta, kuna dadu!" Mitume walipiga kura, ikamwangukia Mathiya (Matendo 1:26). Dadu ni kipande cha plastiki. Dhambi inaingia pale unapoweka karo ya mtoto juu yake.

Sasa tuje kwa kucheza peke yako. Kuna mchezo wa mezani unaoitwa Pandemic, uliotungwa na Matt Leacock, ukatoka mwaka wa 2008. Magonjwa manne yanaenea duniani, na wachezaji wanashirikiana kupata tiba zote nne kabla kadi hazijaisha. Mtu mmoja anaweza kuucheza kwa kuwaongoza wahusika wawili, kwa mfano daktari na mwanasayansi. Mara nyingi utashindwa. Utapanga upya na kujaribu tena, na hakuna shilingi iliyotoka mfukoni kwa sababu umeshindwa.

Huna pesa ya mchezo wa kununua? Chora miraba 64 kwenye kadibodi, okota vifuniko 24 vya soda, 12 uviweke wima na 12 uvipindue. Drafti yako iko tayari. Au chimba mashimo 32 mchangani, tafuta kete 64, ucheze bao kama walivyocheza wazee wa Pwani. Cheza pande zote mbili, na kila upande uutafutie hatua iliyo bora kabisa bila kuupendelea mmoja.

Hapo ndipo utajijua. Hakuna anayekutazama. Ukirudisha hatua uliyokosea, au ukichungulia kadi inayofuata, nani atakushtaki? Mathayo 6 inatukumbusha kwamba Baba anaona hata yaliyofichika. Mtu anayekataa kujidanganya akiwa peke yake mezani anajizoeza uaminifu atakaouhitaji siku atakapokabidhiwa hazina ya kanisa.

Na tukiwa tunapigia kelele vifuniko vya soda, kijana yuleyule yuko chini ya blanketi na simu, anabeti. Nauli imeenda. Pesa ya kodi imeenda. Amekopa kwenye simu, na mkopo nao umeenda. Mnamo Aprili 2025, bodi ya serikali iliyokuwa ikisimamia kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Serikali ilishtuka. Sisi wa madhabahuni tulikuwa wapi? Wengine wetu tunapokea fungu la kumi kutoka kwa aliyeshinda bet, tunampandisha jukwaani atoe ushuhuda, tunasema Mungu ametenda! Mungu hakutenda hapo, watu wa Mungu. Pesa ile ni ya jirani yake aliyepoteza.

Ukimpokonya kijana ubao wake, usidhani atakimbilia kesha. Mikono yake itashika simu, na unajua simu itampeleka wapi.

Mipaka nayo iko, niielewe vizuri:

1. Pesa ikiwekwa mezani, ondoka. Hata kama ni shilingi kumi.
2. Mchezo unaokuomba uigize uchawi au kuita mapepo, uache. Iko mingi isiyo na hayo.
3. Ukianza kula saa ya maombi, kazi, au mazungumzo na mke wako, ufunge kwenye boksi.

Lakini ukiwa umefanya kazi, umeomba, na watoto wamelala, saa moja mezani na ubao wako si wizi kwa Mungu. Paulo anamwambia Timotheo kwamba Mungu hutupa vitu kwa wingi ili tuvifurahie (1 Timotheo 6:17). Furahia bila hatia.

Mzazi, usichome ubao wa mwanao leo. Keti, umwombe akufundishe. Kisha muulize kwa upole kuhusu ile simu.

Baba, katika jina la Yesu, vunja kifungo cha kamari katika kila nyumba inayosoma ujumbe huu. Tupe akili ya kuketi na kuhesabu, na moyo mnyoofu tukiwa peke yetu.

Kama unaamini, andika AMINA, na umtumie mzazi mmoja.