Wasifu wa Mwanachuo Hujengwa kwa Kazi Iliyopimwa

Si ajabu kumkuta kijana aliyetoka kata ya Mkotokuyana wilayani Nachingwea, au vijiji vya Ruangwa, akikaribia kuhitimu chuo huku ameduwaa mbele ya karatasi. Anatakiwa aandike wasifu wake, yaani maelezo ya elimu, ujuzi na kazi alizofanya, apate kuomba ajira. Akishataja shule alizosoma, kalamu husimama. Hudhani kwamba mtoto wa mkulima, asiyepata kufanya kazi ofisini, hana la kuandika. Maoni yangu ni kinyume: analo, ila hakufundishwa kulipima na kuliwekea kumbukumbu.

Katika sayansi, dai lisilo na ushahidi halina uzito. Vivyo hivyo katika wasifu. Anayeandika "mimi ni mchapakazi" ametoa dai tu. Lakini anayeandika kwamba kwa misimu miwili alihesabu mikorosho ya nyumbani, akaweka tarehe za kupuliza salfa dhidi ya ubwiri unga, na kupima kilo za korosho zilizovunwa, ameonyesha kazi inayoweza kuhojiwa na kuthibitishwa.

Ardhi ya Nachingwea yenyewe imeshatoa funzo hilo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, uliofika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Katika karatasi ulipendeza, ukitaja ekari zaidi ya milioni 3. Lakini mvua na udongo havikuwa vimechunguzwa vya kutosha, na mpango ulipoachwa mwaka 1951 ulikuwa umekwisha kupoteza pauni milioni 36 hivi. Wasifu uliojazwa sifa zisizopimwa hauna tofauti na mpango huo: huanguka siku ya usaili.

Walio na haraka huingia katika hatari kubwa zaidi, nayo ni kughushi. Mwaka 2017, uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma nchini ulibaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Fedheha ya namna hiyo haifutiki kwa urahisi.

Basi mwanachuo afanye nini? Kwanza, tangu mwaka wa kwanza awe na daftari la kazi: alifanya nini, lini, kwa kiasi gani, na matokeo yakawa yapi. Pili, likizo isipite bure. Chama cha msingi cha ushirika kinachokusanya korosho na ufuta kina hesabu za kujifunza; ofisa ugani wa kata anahitaji msaidizi; Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Naliendele, Mtwara, kina historia ndefu ya kuchunguza korosho; na anayesomea jiolojia anayo madini ya kinywe huko Ruangwa. Tatu, afanye kazi vizuri mbele ya watu watakaomshuhudia. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwataka waombaji kutaja wadhamini watatu wa kuaminika. Mdhamini wa kweli haokotwi wiki ya mwisho. Ni mtu aliyekuona ukiwahi kazini na kumaliza ulichoanza.

Sisemi kwamba alama za mitihani hazina maana, wala kwamba kijana wa shamba asijifunze kompyuta. Vyote hivyo vyahitajika. Nasema kwamba havitoshi, kwa kuwa waombaji wengi wana vyeti vinavyofanana.

Hapa walimu wa sekondari wana wajibu. Kazi ya bustani ya shule isiwe adhabu. Mpe mwanafunzi tuta moja, mzani na daftari. Mdai takwimu mwisho wa muhula, kisha uweke sahihi yako chini yake. Mwanafunzi atakayefika chuoni akiwa amezoea kupima na kuandika hatakosa la kujaza katika wasifu wake, na waajiri watapata watu wanaoweza kueleza walichokifanya.