Injini Iliyochoka Endabash: Tuifungue au Tununue Nyingine?

Katika kata ya Endabash, wilayani Karatu, injini ya Hiace si mali ya tajiri wake peke yake. Hiace moja inapoegeshwa kwa sababu injini imenoki, mama mwenye mtoto mgonjwa hukosa usafiri wa kumfikisha hospitali ya Karatu, mkulima hubaki na magunia yake ya mbaazi akimsubiri dalali amfuate nyumbani kwa bei ya dalali, na mwanafunzi anayerudi shuleni hupanda bodaboda kwa nauli ambayo mzazi hakuipanga. Kwa hiyo tajiri wa gari anapojiuliza kama aifungue injini na kuifanyia ovaholi au anunue nyingine iliyokwisha kutumika ughaibuni, analiuliza kwa niaba ya kata nzima. Swali la namna hii linastahili kujadiliwa kwa uzito uleule tunaoujadilia kodi na bajeti.

Msimamo wangu ni huu. Kwa gari la zamani la dizeli linalofanya kazi vijijini, jambo la kwanza ni kuifungua injini na kuipima. Ununuzi wa nyingine uwe hukumu ya mwisho, baada ya vipimo kuthibitisha kwamba chuma kimekwisha. Lakini nasema pia kwamba mwananchi wa Endabash hataweza kuamua kwa haki maadamu muuzaji wa injini halazimiki kusema anauza nini, na fundi halazimiki kuandika amefanya nini.

Tuanze na injini yenyewe. Dalili za kuchoka wanazijua madereva wote: asubuhi za baridi ya Juni na Julai haiwaki mpaka isukumwe, inakula oili, inatoa moshi wa bluu, na penye mlima inaishiwa nguvu. Chanzo cha dalili hizo ndicho kinachosahaulika. Injini nyingi haziuawi na umri. Katika barabara za vumbi jekundu la Karatu, vumbi linalopenya kwenye chujio la hewa lililochanika, au kwenye mpira wa hewa uliolegea, huingia ndani ya silinda na kusaga chuma kama msasa. Rejeta iliyoziba hulifanya gari lichemshe. Likichemsha mara kadhaa, kwa mfano katika kuukwea ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu likiwa limesheheni, hedi hupinda au hupasuka. Oili inayobadilishwa kwa kuchelewa humaliza beringi. Maana yake ni kwamba injini mpya itakayofungwa juu ya rejeta ileile na chujio lilelile itakufa kifo kilekile. Anayebadili injini bila kuondoa kilichoiua amelipia mazishi mawili.

Sasa tuitazame bidhaa inayouzwa. Kwa nini Japani, nchi yenye utaratibu mkubwa wa kutunza vitu, itupe injini nzima? Jibu limo katika sheria zake. Gari binafsi la Japani hukaguliwa miaka mitatu baada ya kununuliwa likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama kubwa. Umri ukizidi, kodi nayo huongezeka. Mmiliki huona nafuu kuliondoa gari ambalo bado linatembea. Kisha, Oktoba 2003, jiji la Tokyo na mikoa jirani ya Saitama, Chiba na Kanagawa yalianza kuyazuia magari ya biashara ya dizeli yasiyotimiza viwango vya moshi. Dizeli nyingi nzima zikapoteza makazi. Nyingine ziliuzwa nje zikiwa magari kamili, nyingine zilikatwakatwa na kusafirishwa katika makontena, zikipitia masoko ya spea kama yale ya Sharjah, jirani na Dubai, hadi kwenye maduka yetu.

Hapo ndipo sifa ya injini ya mtumba ilipozaliwa, na wakati huo ilikuwa sifa ya haki: mtu alinunua injini iliyotolewa kwenye gari lililotunzwa, lililotembea katika lami, lenye miaka michache. Ila sifa imebaki na bidhaa imebadilika. Hiace ya umbo la zamani, inayobeba injini za aina ya 2L, 3L na 5L ambazo mafundi wetu wanazijua kwa kuzipapasa, ilikoma kutengenezwa kwa soko la Japani mwaka 2004. Hivyo injini iliyotolewa katika Hiace ya namna hiyo iliyotumika Japani ina umri wa miaka zaidi ya 20. Mpira wa sili umekauka, na hakuna ajuaye imekaa bohari ngapi, juani au mvuani, kabla ya kufika Arusha. Anayeikimbia injini yake kwa sababu ni kuukuu ananunua kuukuu nyingine asiyoijua historia yake.

Neno nalo linatusaliti. Katika biashara hii vitu vitatu tofauti huitwa kwa jina moja. Kipo cha kwanza, injini iliyofunguliwa katika karakana yenye mashine, ikapimwa, ikachongwa, ikawekewa pistoni, ringi na beringi mpya, ikauzwa na dhamana ya maandishi. Kipo cha pili, injini iliyotolewa tu kwenye gari na kuletwa ilivyo. Na kipo cha tatu, injini ya pili iliyooshwa kwa mvuke na kupakwa rangi ya fedha. Mnunuzi huambiwa zote ni “rikondisheni”. Mita ya kilomita ilibaki Japani pamoja na dashibodi yake, na anachokiona mnunuzi ni rangi. Wahenga wetu waliuita ununuzi huo mbuzi kwenye gunia.

Haki inanitaka niyaseme pia ya upande wa pili, kwa maana wanaonunua mtumba si wajinga. Wananunua muda. Injini ya mtumba hufungwa kwa siku mbili au tatu, ilhali ovaholi inayohitaji kuchonga silinda na krenki hupeleka vyuma Arusha, takriban kilomita 140 kutoka mji wa Karatu, navyo husubiri foleni. Tuseme kwa mfano kwamba hesabu ya tajiri ni shilingi 50,000 kwa siku na gari linalala siku 20: shilingi 1,000,000 imepotea kabla fundi hajalipwa. Kama gari lilinunuliwa kwa mkopo wa kikundi, marejesho hayasubiri krenki irudi. Aidha, wanaikimbia ovaholi kwa sababu wameumizwa nayo. Ipo ovaholi ya kubadilisha ringi na gasketi peke yake, juu ya silinda iliyokwisha kuwa na umbo la yai. Moshi hutoweka kwa miezi michache, kisha hurudi pamoja na deni. Kazi ya namna hiyo ni dada wa ile rangi ya fedha. Zote mbili huficha kipimo.

Kwani ovaholi ya kweli ni kazi ya kupima kabla ya kuwa kazi ya kufunga. Silinda hupimwa juu, katikati na chini, kisha kwa upande na upande, ili kujua zimeliwa kiasi gani. Zikizidi mpaka unaoruhusiwa, huchongwa na kuwekewa pistoni za saizi kubwa inayofuata. Krenki hupimwa, na ikibidi husagwa na kuvishwa beringi za saizi inayolingana. Hedi hujaribiwa kwa shinikizo la maji au hewa ili ufa usioonekana ujitokeze, hasa katika injini hizi za familia ya L, ambazo hedi zake zina sifa ya kupasuka zinapochemshwa. Nozeli na pampu ya dizeli hupelekwa kwenye mashine ya majaribio. Ukanda wa taimingi hubadilishwa bila mjadala, kwa kuwa ukikatika njiani huangusha kazi yote.

Kutokana na hayo, namshauri tajiri wa Endabash afuate mpangilio huu. Mosi, alipie kwanza kufunguliwa na kupimwa kwa injini, kama mgonjwa alipiavyo maabara kabla ya dawa. Gharama hiyo ni ndogo kuliko makosa inayoyazuia. Pili, kama bloku haina ufa, na silinda na krenki vinaweza kuchongwa mara nyingine, afanye ovaholi kamili, si nusu. Kama fedha hazitoshi kwa kamili, ni heri asubiri akusanye. Tatu, kama bloku imepasuka au krenki imekatika, anunue ya mtumba, ila iwe ya aina ileile, apimiwe mgandamizo wa kila silinda mbele ya macho yake, na apewe dhamana ya maandishi pamoja na risiti ya EFD. Nne, namba ya injini iliyomo kwenye kadi ya gari ibadilishwe kwa utaratibu wa TRA, maana gari ambalo injini yake hailingani na kadi ni mgogoro unaosubiri siku ya kuuzwa au siku ya ajali. Tano, kwa njia yoyote atakayoichagua, rejeta isafishwe na njia ya hewa ikaguliwe mpaka mpira wa mwisho.

Wapo wanaoshauri njia ya mkato ya kuweka injini za kisasa zaidi, zenye pampu na nozeli zinazoongozwa na kompyuta. Zina nguvu na hunywa mafuta kidogo. Hata hivyo, hazivumilii dizeli chafu ya madumu, na zikileta hitilafu huhitaji kifaa cha kusomea ambacho ni adimu vijijini. Kulifungia gari la kijijini injini hiyo ni kuhamishia ufundi wake mjini.

Sasa nirudi kwenye siasa, kwa kuwa uchaguzi huu wa tajiri ulitayarishwa na maamuzi ya taifa. Kuna wakati nchi hii ilitaka kuumiliki ufundi wa vyuma. TEMDO iliundwa mwaka 1980 na makao yake yakawekwa Arusha, ili kubuni na kuendeleza mitambo. Moshi kulijengwa Kilimanjaro Machine Tools. Kibaha kukawa na Nyumbu, iliyothubutu kutengeneza lori. Katikati ya miaka hiyo ya 1980 uchumi ulibanwa, na kuanzia 1984 mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuingiza bidhaa. Silaumu uamuzi huo. Bila ya milango hiyo kufunguliwa, Hiace isingefika Endabash. Ninacholaumu ni kwamba tulipokea magari tukaacha mashine za kuyahudumia zizeeke. Kiwanda cha Moshi kilikaa miaka mingi bila kuzalisha ilivyokusudiwa, mpaka zilipoanza jitihada za kukifufua. Tumekuwa taifa la kubadilisha kifaa kizima, hata pale ambapo kilichokufa ni beringi.

Yapo mambo matatu yanayowezekana bila kusubiri mpango mwingine wa miaka mitano. La kwanza ni ukweli dukani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Itumike: anayeuza injini aandike kwenye risiti kama ni mtumba ilivyo au ni iliyochongwa na kupimwa, na dhamana yake ni ya siku ngapi. La pili ni ukweli gerejini. VETA ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza kazini. Vyeti hivyo viambatane na wajibu mmoja mwepesi: fundi amkabidhi mteja karatasi yenye vipimo vya silinda na krenki, kabla na baada ya kazi. Fundi hodari hana cha kuogopa katika karatasi hiyo, na ndiye atakayenufaika nayo, kwa sababu leo anashindanishwa kwa bei na mtu asiyemiliki hata kifaa cha kupimia.

La tatu ni mashine kuwa karibu. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Sehemu ya fedha za vijana huishia kwenye pikipiki. Je, kikundi cha mafundi vijana wa Karatu kikikopeshwa mashine ya kuchongea silinda, vifaa vya kupimia na kifaa cha kujaribia hedi, ni siku ngapi za kulala kwa magari zingeokolewa Endabash, Mang'ola na Mbulu? Wilaya hii hupitisha magari ya watalii kuelekea Ngorongoro mwaka mzima. Haiwezi kusemwa kwamba haina wateja wa karakana kama hiyo.

Mpaka hayo yatimie, nguvu ya mwananchi imo katika swali lake. Tajiri anayeambiwa na fundi kwamba injini imekwisha aulize: imeliwa kiasi gani, na kimepimwa na nini? Anayeambiwa na muuzaji kwamba injini ni nzima aulize vivyo hivyo. Asiyeweza kujibu kwa tarakimu hastahili kupewa fedha za shamba, za ada au za kikundi. Na kama jibu la kwanza litaonyesha kwamba bloku ingali na uhai, fedha hizo zibaki Karatu na Arusha, mikononi mwa mafundi wanaojulikana majina na mahali pa kuwapata, ili mwaka ujao gari likinoki tena, kuwe na mtu wa kuulizwa.