Kabla hujafuta faili usilolijua

Baridi ya Leicester inanitandika kama kawaida yake. Najua nimepotea siku nyingi, zamu za usiku zimenibana. Leo sina habari za theluji wala za wabeba boksi. Nina dukuduku moja, na linawahusu zaidi ninyi wenye maduka, zahanati na shule ndogo ambao mambo yenu yote sasa yamo ndani ya kompyuta.

Dukuduku lenyewe ni lile neno la mafundi wetu: "Tufute kila kitu, tuanze upya." Watu wanalipokea kama vile daktari bingwa kasema. Mimi nalipinga, tena kwa nguvu.

Dada yangu mkubwa ana zahanati ndogo Muheza, wengi wenu mnaijua. Majina ya wagonjwa, chanjo za watoto, madeni, dawa zilizobaki stoo, vyote vimo kwenye kompyuta moja yenye Ubuntu, na programu inayotunza hizo taarifa ni MySQL. Fundi aliyeiweka mwanzo alishahama mji na simu yake haipatikani. Sasa anayeiangalia ni mpwa wangu, kijana wa chuo. Juzi akapandisha Ubuntu, akaondoa MySQL ya zamani, toleo 5.7, akaweka 8.0. Alifanya vizuri kupandisha, maana 5.7 iliacha kuhudumiwa Oktoba 2023. Lakini seva mpya ikagoma kuwaka. Kwenye kumbukumbu ya makosa kukawa na mstari huu:

unknown variable 'query_cache_size=16M'

Yaani: hiki kitu unachoniambia sikijui. Kijana akafungua faili la mipangilio, /etc/mysql/my.cnf, akapekua na yale madogo yanayoitwa kutoka humo. Maneno hayo hayamo. Akaiondoa programu, akaiweka tena. Kosa lile lile. Mara ya tatu, lile lile. Akaitwa fundi wa mjini, akatazama dakika kumi, akataja bei yake na dawa yake: fomati diski zote mbili. Hapo ndipo dada akanipigia, maana kwenu mtu akishakaa Ulaya basi anajua kila kitu, hadi kutengeneza friji! Bahati nzuri nilisoma kozi ya jioni ya mambo haya nikiwa na nia ya kuhamia upande wa kompyuta za hospitali, kwa hiyo si mgeni kabisa.

"Mama mdogo, niruhusu tu nifute, nimechoka," kijana akaniambia.

"Pole mwanangu. Usiguse kitu. Kwanza iulize programu yenyewe inasoma wapi."

Wengi hawajui kwamba MySQL haisomi faili moja. Ukiandika mysql --help, katikati ya maneno mengi itakutajia mafaili inayoyasoma na kwa mpangilio gani. Kwenye Ubuntu inaanza na /etc/my.cnf, halafu /etc/mysql/my.cnf, halafu .my.cnf iliyojificha kwenye folda ya mtumiaji. Linalosomwa mwisho ndilo lenye kauli pale mawili yanapopingana. Amri nyingine, my_print_defaults mysqld, inakuonyesha jumla ya maagizo yote yaliyokusanywa. Kijana akaziandika zote mbili, akanipigia picha ya skrini kwa WhatsApp. Hilo hapo: /etc/my.cnf, faili ambalo hakuliweka yeye na hakujua kama lipo.

Akauliza kwa dpkg -S /etc/my.cnf ni la kifurushi gani. Jibu: si la chochote. Liliandikwa kwa mkono na yule fundi wa kwanza. Ndiyo maana kuondoa na kuweka upya hakukusaidia hata kidogo. Ukiondoa programu Ubuntu kwa kawaida inaacha mipangilio yake, na hata ukiagiza iisafishe yote, itasafisha ilivyovileta yenyewe. Barua aliyoiacha binadamu haina habari nayo.

Humo ndani mlikuwa na mistari miwili tu ya maana. Wa kwanza ulikuwa ule wa query_cache_size. Kitu hicho kilitangazwa mwaka 2017 kuwa kinaondoka, na 8.0 ilipotoka rasmi mwaka 2018 kikawa hakimo tena. Mstari wa pili ulisema datadir = /data/mysql.

Someni tena huo wa pili. Ulikuwa unasema taarifa za wagonjwa haziko mahali pa kawaida, ziko kwenye diski ya pili. Ile ile ambayo bwana yule alitaka kuifomati! Kadi za chanjo za watoto wa Muheza zilikuwa zinakwenda na maji, na mtu analipwa kwa kazi hiyo. Na kama kijana angelifuta faili kwa hasira, seva pengine ingewaka vizuri kabisa, lakini tupu, na wote wangeamini wagonjwa wamepotea.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo. Faili usilolitegemea ni agizo la mtu, si takataka. Linaweza kuwa limepitwa na wakati nusu, na nusu nyingine ndiyo inayokushikia nyumba. Sisi manesi tunalijua jambo hili. Mgonjwa akilazwa hapa, mwongozo wa NICE wa 2015 unataka ndani ya saa 24 tuwe tumeorodhesha dawa zote anazotumia nyumbani na kuzilinganisha na tulizomwandikia. Hakuna nesi anayemwaga mfuko wa vidonge vya bibi kwenye ndoo kwa sababu havikuandikwa wodini. Unauliza: nani kakupa hivi, lini, vya nini?

Tulichofanya hakikuwa cha ajabu. Seva ikiwa imezimwa, kijana akanakili folda yote ya /data/mysql kwenye diski ya nje. Hilo halina mjadala, kwa sababu 8.0 ikishazipandisha taarifa za 5.7 hairudi nyuma. Akanakili na lile faili. Kisha akaweka alama ya # mbele ya mstari wa query_cache_size, bila kuufuta, akaandika tarehe pembeni. Wa datadir akauacha. Seva ikawaka, ikachukua muda kidogo kujipandisha, wagonjwa hao wote wakatokea. Na tukagundua faili jingine la yule fundi: AppArmor, yule askari wa Ubuntu, kwa kawaida haruhusu MySQL kuingia folda ngeni, na ruhusa ya /data/mysql ilikuwa imeandikwa pembeni na mkono ule ule. Jamaa alikuwa hodari kweli, sema hakumwachia mtu hata karatasi moja.

Kuna kinyume chake pia, nakitaja haraka. Fundi akikwama anapenda kufungua ruhusa ya faili kwa kila mtu, ile 777 yao. MySQL ikikuta faili la mipangilio ambalo yeyote anaweza kuliandika, inatoa onyo na haishughuliki nalo. Basi unabaki unahariri, unahariri, hakuna kinachobadilika.

Sisemi kufomati ni dhambi. Kompyuta ikiingiwa na virusi, au ikiwa haina kitu cha mtu, fomati. Ila mwenye mali amuulize fundi kwanza: taarifa zangu ziko folda gani, na nakala iko wapi? Akishindwa kujibu, mpe nauli aende zake.

Dada ameshanunua daftari la jalada gumu, linakaa droo moja na kitabu cha dawa. Kila atakayegusa kompyuta ataandika humo kagusa faili gani na kwa nini. Kijana amejaza ukurasa wa kwanza na kunitumia picha. Mwandiko wake mbaya kuliko wa daktari, lakini nimeusoma.

Nasikia shemeji wa Korogwe naye ana kompyuta ya duka iliyogoma. Shemeji, usimwite mtu bado. Nipigie Jumapili, sina zamu.