Siku ya Mia shuleni: tusiwaache watoto waende mikono mitupu

Kila mwaka mwishoni mwa Januari au ndani ya Februari, wazazi wengi wenye watoto wadogo hapa Marekani hupata kikaratasi kutoka shuleni kinachowaarifu kwamba Siku ya Mia inakaribia. Wengi wetu hukipitia haraka haraka, tukakibandika kwenye friji, kisha tukakisahau. Mimi ni mmoja wao. Mwaka kijana wangu alipokuwa chekechea nilirudi kazini usiku wa manane, na asubuhi nikampeleka shule bila chochote. Wenzake walikuja na mifuko yao ya vitu mia moja. Jioni hakulia, ila aliniuliza: "Baba, kwani sisi nyumbani hatuna vitu mia?" Swali lile lilinichoma.

Kwa walioko nyumbani wasioijua siku hii, naomba nieleze kidogo. Mwaka wa shule hapa, katika majimbo mengi, una siku 180 hivi. Tangu siku ya kwanza, mwalimu wa watoto wadogo huweka mrija mmoja wa soda kwenye kimfuko cha mamoja kila asubuhi. Ikifika kumi, hufungwa pamoja na kuhamishiwa kimfuko cha makumi. Siku ya mia, mafungu kumi hufungwa kuwa fungu moja kubwa na kuingia kimfuko cha mamia, ambacho kimekaa kitupu tangu shule ifunguliwe. Watoto hushangilia kweli kweli, maana wameisubiri kwa miezi mitano.

Siku hiyo hutunga shanga mia kwa rangi kumi, huruka mara mia, hunyamaza kwa sekunde mia (kazi ngumu kuliko zote!), na huonyeshana walichobeba: vifungo, maharage, tambi, stika. Kila mtoto hueleza alivyohesabu.

Nimewasikia ndugu zetu wakisema haya ni mambo ya Kizungu ya kupoteza muda, na kwamba sisi tulisoma bila sherehe na tukajua hesabu. Sikubaliani nao. Tena sisi tulisoma hivyo hivyo! Nani kati yetu hakwenda darasa la kwanza na vijiti au vizibo vya soda ndani ya mfuko? Tulifunga vijiti kumi kumi kwa kamba ya mgomba. Tofauti ni kwamba sisi aliyekosa vijiti alichapwa, na huku aliyeleta hupigiwa makofi. Mtoto aliyeishika mia kwa mikono yake haogopi tena kuiona ubaoni.

Lakini sitaficha kinachonikera. Siku hizi shule nyingine huwataka watoto wavae kama wazee wa miaka mia: mvi za unga, miwani na mkongojo, wakitembea wameinama huku watu wakicheka. Sisi tumelelewa kumwamkia mzee shikamoo, si kumwigiza mwendo wake. Hata hivyo, dawa si kumzuia mtoto asiende shule siku hiyo. Mpigieni bibi simu, mtoto amuulize alipokuwa mdogo alihesabu kwa nini, kisha akaisimulie habari hiyo darasani. Nina hakika mwalimu ataipokea kwa furaha kuliko mvi za unga.

Nawaomba wazazi wenzangu jambo moja jingine: mfuko huo ujazwe nyumbani, kwa Kiswahili. Huhitaji kwenda dukani. Mwaga maharage juu ya meza, mhesabu pamoja, kumi kumi. Lugha yetu inasaidia sana hapa. Mtoto akisema "kumi na moja, kumi na mbili", anasikia waziwazi kwamba ni kumi ikaongezwa moja, ikaongezwa mbili. Kiingereza kinasema "eleven, twelve", na kumi haisikiki humo hata kidogo. Ishirini na thelathini tulizipata kwa Waarabu na itabidi azikariri, lakini ishirini na moja inafuata njia ile ile. Jioni moja ya maharage inampa mtoto hesabu na lugha ya babu zake kwa pamoja.

Na walimu wetu wa nyumbani nao waijaribu. Tanzania mwaka wa shule huanza Januari, kwa hiyo siku ya mia itaangukia karibu katikati ya mwaka. Najua yako madarasa yenye watoto wanaokaribia mia, na mwalimu ni mmoja. Basi kila mtoto alete kizibo kimoja tu, na darasa zima litaiona mia yake. Haigharimu hata senti.

Mwaka uliofuata kijana wangu alikwenda na maharage mia moja ndani ya mfuko wa nailoni. Alihesabu mara tatu, kwa sababu mdogo wake alikuwa anayaiba. Alipoulizwa darasani amehesabu vipi, alisimama akahesabu kwa Kiswahili mpaka kumi, na wenzake wakamfuatisha.

Haba na haba hujaza kibaba. Kikaratasi kikija, tukisome siku hiyo hiyo.