Lubero: nyumba izibwe kwanza, makala baadaye

Lubero iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na bado usiku watu hutetemeka. Mji uko karibu mita 2000 juu ya bahari, na upande wa Masereka milima inapanda zaidi. Wenyeji wamezaliwa ndani ya ukungu huo na wanajua kuishi nao. Lakini tangu Kiwanja na Rutshuru zilipoanguka mwezi wa 10 mwaka wa 2022, na zaidi tangu Kanyabayonga ilipoanguka mwishoni mwa mwezi wa 6 mwaka wa 2024, jamaa nyingi za wakimbizi wa vita zimepanda huku kutoka bondeni, watu waliozoea kulala na shuka moja. Kila mita 1000 mtu anazopanda, joto hupungua digrii 6 hivi. Mama aliyetoka Kiwanja na watoto wanne na kitenge kimoja hahitaji kupewa hesabu hiyo. Ameisikia katika mifupa.

Wengi wamepata pahali pa kulala: chumba cha mbao cha kulipa kila mwezi, jikoni ya jamaa iliyowapokea, kibanda cha turubai nyuma ya kanisa. Na kila saa mbili usiku inapofika, jambo lile lile linafanyika. Mbabula iliyopika bugali inaingizwa chumbani ikiwa bado nyekundu, mlango unafungwa, nguo kuukuu inasukumwa chini ya mlango, watu wanalala.

Hilo ni kosa, na ni lazima lisemwe wazi hata kama anayelifanya ni mzazi anayependa watoto wake.

Makala yaliyokwisha kushika moto vizuri hayatoi moshi, na hapo ndipo yanapodanganya watu. Moshi wa kuni unachoma macho, unakohoza, unamfukuza mtu nje. Makala mekundu hutoa hewa isiyo na harufu wala rangi, ile waganga wanayoiita monoksidi ya kaboni, na damu ya mtu inashika hewa hiyo zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, miguu inalegea, usingizi mzito unakuja. Mtu anafikiri ni uchovu wa shamba. Anayelala nayo katika chumba kilichofungwa anaweza asiamke. Akikutwa mtu amelegea hivyo, atolewe nje kwenye hewa mara moja na apelekwe hospitali yenye oksijeni. Maziwa ambayo watu hukimbilia kumnywesha hayaondoi hewa hiyo katika damu.

Na hata pale ambapo hakuna anayekufa, pesa inakufa. Hewa ya moto hupanda. Katika nyumba nyingi za Lubero kuna nafasi ya mkono mzima kati ya ukuta na mabati, na joto lote linatokea hapo. Likitoka juu, baridi inaingia chini ya mlango na kati ya mbao kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo kadiri mbabula inavyowaka, ndivyo upepo unavyovutwa ndani. Jamaa imenunua makala ya kupasha joto barabara. Tena maskini hununua kwa beseni ao kwa mfuko mdogo, kila jioni, na kwa kipimo hicho analipa zaidi kuliko mwenye uwezo wa kununua gunia zima. Franga zile zile ndizo zilikuwa za maharagi.

Kazi ya kwanza basi ni nyumba yenyewe, na kazi hiyo haihitaji pesa nyingi. Inahitaji mikono, udongo, na ruhusa ya mwenye nyumba, jambo litakalorudiwa chini.

Mbao za huku nyingi ni za mikaliptusi iliyokatwa ikiwa bado mbichi. Zinapigiliwa zikiwa zimebanana vizuri, kisha jua la kwanza linazikausha, zinajikunja, na nyumba iliyoonekana mpya inaanza kupitisha mwanga. Aliyeingia chumba kama hicho mwezi wa 4 anashangaa mwezi wa 7 kuona mwezi kupitia ukuta. Dawa yake wazee wa hapa wanaijua: udongo uliokanyagwa na nyasi zilizokatwa fupi na mavi ya ng'ombe, ukasukumwa katika nyufa kwa kidole kutoka ndani. Nyasi ndizo zinazouzuia udongo kupasuka. Asiye na udongo mzuri abandike karto na magazeti kwa uji mzito wa unga wa muhogo, tabaka mbili ao tatu. Panya watapenda uji huo, ni kweli, lakini karto ya kubandika upya haina bei kubwa.

Juu ndiko joto nyingi inapotea. Mabati, ama manjanja kama wengi wanavyosema, hupoa sana usiku wa kiangazi, wakati mbingu haina wingu. Pumzi ya watu inapanda, inagusa bati baridi, inageuka maji, na maji yanadondoka juu ya malazi. Watu wengi wanafikiri nyumba inavuja. Hapana, ni pumzi yao inayowarudia. Plafo ya chumba kimoja tu inatosha: magunia yaliyoshonwa pamoja, ao mkeka, ao matete yaliyofungwa kwa kamba, yakanyooshwa kutoka ukuta hadi ukuta kwa urefu wa mtu mzima. Hewa iliyotulia kati ya plafo na bati ndiyo blanketi ya nyumba. Kwa kibanda cha turubai mambo ni hayo hayo. Turubai moja ni kizuizi cha mvua, si cha baridi. Nyasi zikisimamishwa kwa nje, ao pazia la magunia likitundikwa kwa ndani mbali kidogo na turubai, kibanda kinabadilika. Moto tu usisogezwe karibu na vitu hivyo.

Na chumba kinachozibwa kiwe kile cha kulala. Jikoni iachwe wazi. Kuna wanaosikia neno kuziba wakafunga hata pahali wanapopikia kwa kuni, na watoto wanashinda katika moshi na kurudi kituo cha afya na kifua. Hata chumbani, tundu la ukubwa wa kiganja liachwe juu, upande usiopigwa na upepo, kwa sababu watu wanapumua. Moto usiingie humo hata kidogo. Joto litatoka kwa walalaji wenyewe. Mtu aliyelala hutoa joto karibu na lile la ampuli ya zamani ya wati 75, na watu watano katika chumba kidogo chenye plafo si kitu kidogo.

Kinachosahauliwa zaidi ni chini. Mashirika yanapogawa blanketi, watu wanapanga mstari, wanatia kidole cha wino, wanapigwa picha, wanarudi na blanketi ya kujifunika. Hakuna aliyeuliza wanalalia nini. Udongo wenye unyevu hunyonya joto ya mwili usiku mzima, na blanketi mbili juu ya mtu aliyelala chini kwenye udongo ni kama maji katika kikapu. Mwenye blanketi mbili na mkeka mmoja afadhali atandike blanketi moja chini. Huku ngano inalimwa, na baada ya mavuno mabua yake hupatikana bure ao kwa bei ndogo sana. Yakikaushwa na kujazwa katika magunia mawili yaliyoshonwa, ni godoro. Yaanikwe juani kila juma, la sivyo viroboto watakuwa wapangaji wapya.

Mbabula nayo ina kazi yake, ila nje. Makala yanayobaki baada ya chakula yapashe maji, na maji yatiwe katika bido ndogo yenye kifuniko kinachokaza, ifungwe kwa nguo na kuwekwa miguuni chini ya blanketi. Maji yawe ya moto bila kuchemka, maana plastiki hulegea, na bido isiegemee ngozi ya mtoto mchanga. Wengine hutumia jiwe lililopashwa karibu na moto. Njia hiyo ni nzuri, lakini jiwe lisitoke mtoni, kwa sababu lenye maji ndani linaweza kupasuka.

Sasa mwenye nyumba. Katika vyumba vya kulipa, mpangaji anayetaka kukandika hukutana na jibu moja:

«Papa, naomba nizibe ukuta huu kwa udongo, watoto wanakohoa.»

«Hapana, Mama. Utaniozesha mbao. Ukihama nani ataondoa matope yako?»

Wenye nyumba wa Lubero hawastahili kutukanwa. Wengi wao walifungua milango kabla shirika lolote halijafika, na wengine wanalala na wageni katika chumba kimoja hadi leo. Tena hofu yao ina msingi: udongo unaofika hadi chini unashika maji ya mvua, na ubao unaoza. Lakini hilo lina suluhisho. Uzibaji uishie upana wa mkono juu ya ardhi, na pale chini kuwekwe mawe. Asiyetaka udongo kabisa aruhusu karto.

Kinachokosa haki ni kuchukua garanti, kuchukua pesa ya kila mwezi, kisha kukataza mtu kuziba matundu ya nyumba ambayo mwenyewe hakuyaziba. Sheria ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka wa 2015 juu ya nyumba za kupanga inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3. Aliyechukua garanti ya miezi 3 ana dhamana ya kutosha juu ya matope. Na mpangaji akiweka plafo na kuziba kuta, ameongeza thamani ya nyumba. Siku nyingi za kazi yake zihesabiwe katika malipo ya mwezi, hata kwa nusu, mbele ya shefu wa kartye ili pasiwe na maneno baadaye. Wengine watasema hiyo ni kumbebesha mwenye nyumba mzigo wa vita. Mzigo huo, hata hivyo, leo uko mgongoni mwa mama anayenunua makala kwa mfuko mdogo.

Majadiliano hayo yafanyike mwezi wa 7, jua likiwa bado linawaka mchana. Mvua za mwezi wa 9 zikianza, udongo wa ukutani hautakauka tena.