Sanaa ilipanda mlimani kufuata vijana waliotoroka ocha

Wewe unayesoma hii ukiwa ndani ya matatu, mara ya mwisho kulala ocha ilikuwa lini? Krismasi? Mazishi? Usione haya, wengi wetu tuko hivyo. Sasa chukua hali hiyo, isukume mbele miaka hamsini, kisha iongezee theluji inayofika mita tatu. Hapo umefika Echigo-Tsumari.

Ni eneo la milima katika mkoa wa Niigata, Japani, lenye ukubwa wa kilomita 760 mraba hivi. Kutoka Tokyo ni mwendo wa kama saa mbili kwa treni. Watu wake wamelima mpunga kwenye matuta ya mlimani kwa karne nyingi. Kisha vijana wakashuka mjini kusaka kazi, mmoja mmoja, na hawakurudi. Shule zikafungwa kwa kukosa watoto. Nyumba zikabaki na kufuli.

Mwaka 2000, jamaa anayeitwa Fram Kitagawa, mzaliwa wa mkoa huo huo, alianzisha tamasha la sanaa hapo, linalofanyika kila baada ya miaka mitatu. Halina jukwaa kubwa wala uwanja mmoja. Kazi za sanaa zimetawanywa vijijini, na mgeni analazimika kupanda vilima, kupotea njia na kuuliza wazee. Hilo lilifanywa makusudi. Kuzunguka kote kwa siku moja huwezi, hata ukiwa na gari.

Mwanzoni wenyeji walikataa. Na wewe ungekataa. Kijiji hakina mtoto hata mmoja, halafu anakuja mtu wa mjini anasema dawa ni masanamu? Ilibidi mikutano mingi, miaka kadhaa. Kilicholainisha mambo ni vijana wa kujitolea, wengi wao wanafunzi kutoka mijini, waliojiita Kohebi, yaani nyoka mdogo. Walibisha hodi nyumba kwa nyumba, wakasaidia kulima, wakasaidia kuondoa theluji. Hata tetemeko la ardhi lilipopiga eneo hilo Oktoba 2004, tamasha halikufa. Toleo la 2006 liligeuza nyumba tupu kuwa kazi za sanaa. Kuna moja ambayo wanafunzi wa chuo waliichonga kwa patasi kwa muda wa zaidi ya miaka miwili: kuta, nguzo, sakafu, dari, kila mahali.

Kazi ninayoirudia sana kichwani ni ya Ilya na Emilia Kabakov, ya mwaka 2000. Waliweka maumbo ya wakulima, ya buluu na manjano, kwenye matuta ya mpunga: mmoja analima, mwingine anapanda, mwingine anavuna. Mzee mwenye shamba alikuwa ameumia na alishaamua kuachana na kilimo. Alipoelewa kwamba kazi ile inaheshimu jasho la watu kama yeye, alibadili nia na kuendelea kulima miaka kadhaa zaidi. Kuna pia shule iliyofungwa ambayo Christian Boltanski na Jean Kalman waliijaza balbu hafifu na mdundo wa moyo. Unatembea darasani gizani ukisikia moyo ukidunda, na watoto hawapo.

Ukitaka picha za kuposti, zipo. Handaki la Kiyotsu lina urefu wa mita 750, na mwisho wake kampuni ya wasanifu ya MAD iliweka dimbwi la maji linaloakisi bonde kama kioo. Watu hupanga foleni kupigwa picha hapo. Binafsi sina neno na hilo, mradi ukitoka ununue chakula kwa kina mama wa kijiji.

Sasa tuseme ukweli. Wageni walikuwa kama 160,000 mwaka 2000, na mwaka 2018 wakapita nusu milioni. Safi sana. Lakini mji wa Tokamachi, ambao ndio sehemu kubwa ya eneo hilo, ulikuwa na watu zaidi ya 60,000 mwaka 2005, na kufikia 2020 walikuwa wamebaki karibu 50,000. Tamasha halikuzuia watu kuondoka wala wazee kufa. Anayekuambia sanaa imeokoa vijiji hivyo anakuuzia kitu.

Kwa hivyo ni hasara? Sidhani. Nyumba iliyochongwa haijaanguka. Shule ya Boltanski ina watu wanaoingia na kutoka. Na mwaka 2015 tamasha lilizaa kitu ambacho sikukitarajia kabisa: timu ya soka ya wanawake, FC Echigo-Tsumari. Mabinti hao huhamia mlimani, hupiga mazoezi, na kazi yao nyingine ni kulima yale matuta ambayo wazee wameshindwa kuyalima. Hawakuitiwa uzalendo wala hotuba. Walipewa timu na kazi.

Hapo ndipo mimi naona tofauti na haya matamasha yetu ya utamaduni. Kwetu kaunti huleta hema, spika, wageni mashuhuri na ngoma ya dakika kumi, na Jumatatu uwanja ni chupa tupu. Wamarakwet wana mifereji ya kale inayoteremsha maji kwenye mteremko wa Elgeyo, kazi ya mikono inayoweza kumshangaza msanii yeyote duniani. Ni vijana wangapi kutoka Nairobi wamewahi kulala wiki nzima huko wakisaidia kuizibua, na nani angewalipia nauli?

Kitagawa na wenzake wamefanya hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini, wakianza na pesa za serikali ya mkoa. Toleo lililopita lilikuwa 2024, kuanzia Julai hadi Novemba. Lijalo ni 2027. Katikati ya hapo wale mabinti wa soka wana misimu mitatu ya kupanda mpunga.